Somo la Jumuiya: Kijiji cha Ushirika kwa Wasio na Makao



Katika somo hili tunazungumza juu ya watu ambao hapa Kiirua hatujazoea kuwaita wasio na makao. Tukisikia maneno hayo tunafikiria Nairobi, watu wanaolala kwenye veranda za maduka na kujifunika magunia. Hapa kwetu, jioni ikifika kila mtu huingia mahali fulani, kwa hivyo tunasema shida hiyo haiko. Lakini hebu tuhesabu. Yuko mjane aliyeambiwa na shemeji zake baada ya mazishi kwamba arudi kwao, na kwao ndugu zake wamekwisha kugawana shamba. Kuna kibarua wa mashamba ya maua upande wa Timau, analala na watoto wanne katika chumba kimoja cha mbao, na kodi ikichelewa wiki mbili kufuli inawekwa mlangoni. Kuna mzee aliyechunga ng'ombe wa tajiri mmoja kwa miaka thelathini, akakaa pale pale kwa mwajiri. Siku shamba lilipouzwa, hakuuliziwa. Tena wako vijana ambao babu alikuwa na ekari kumi, baba akapata mbili, na wao wakagawiwa upana wa ukumbi wa kanisa.

Hawa wote wana paa leo. Kesho hawajui. Mtu ambaye mwingine anaweza kumtoa nje kwa neno moja, sisi tunamhesabu kuwa hana makao. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa uliutenga kuwa mwaka wa makao kwa wasio na makao, na Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ikatoa waraka ambao jina lake ni swali: umemfanyia nini ndugu yako asiye na makao? Swali hilo ndilo tunalileta kwenye jumuiya zetu ndogo ndogo.

Nusu ekari inaweza kufanya nini?

Desturi yetu ni hii. Kikundi kikipata kipande cha ardhi, jambo la kwanza ni kumwita mpima, apime, akate, kila mtu apewe chake, tuachane salama. Tuseme wamepata nusu ekari. Ukikata ploti za hamsini kwa mia, unapata nne, na hapo bado hujatoa njia. Ukikata arobaini kwa sitini, zinatoka tisa kwenye karatasi, lakini ukishatoa njia ya mkokoteni zinabaki saba au nane. Kikundi kikiwa na familia kumi na tano, nusu yao wamekosa, na ugomvi umeanza kabla jiwe moja halijawekwa.

Sasa angalia njia ya pili. Nusu ekari ni kama mita za mraba 2,000. Nyumba ya mita nne kwa tano ni mita za mraba 20. Nyumba kumi na tano za namna hiyo zinakula mita 300 tu. Mita 1,700 zinabaki: njia, vyoo, jiko la pamoja la siku za mvua, mahali pa kuanika nguo, bustani ya sukuma wiki, banda la kuku, uwanja wa watoto. Nyumba ni ndogo lakini ua ni mkubwa, kwa sababu ua ni wa wote. Hicho ndicho kijiji cha ushirika. (Tukisema nyumba ndogo hatusemi ile ya kando ambayo akina mama wanaijua, tunasema nyumba ya kukaa, iliyo ndogo kwa kipimo.)

Hesabu hiyo inaeleweka kwa watoto wa darasa la sita. Ugumu uko mahali pengine, na ndiyo sababu ya somo hili.

Neno "kijiji" na wazee wetu

Mtu akienda kwa akina nyanya wenye miaka themanini na zaidi, awaambie tunataka kuwajengea watu kijiji, nyumba zikaribiane, asishangae wakinyamaza. Neno hilo lina historia. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1954, serikali ya kikoloni iliwatoa watu kwenye boma zao, ikawalazimisha kukaa katika vijiji vilivyolindwa. Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa, zaidi ya watu milioni moja, katika vijiji vilivyozidi 800 katika nchi hii ya mlima. Walijenga kwa amri, wakachimba mahandaki, wakalala kwa kengele.

Sehemu ya pili ya habari hiyo haisemwi sana. Wakati huo huo ardhi ilikuwa ikikusanywa na kuandikishwa kwa mpango wa Swynnerton, uliotolewa mwaka huo wa 1954. Hali ya Hatari ilipoisha, aliyekuwa na namba ya shamba alirudi shambani kwake. Asiyekuwa nayo alibaki kijijini. Vijiji kadhaa vya namna hiyo viko mpaka leo katika sehemu za mlima, na wajukuu wa waliobaki wanakaa kwenye vipande vidogo ambavyo wengine hawajawahi kupata hati yake. Nyumba wanazo, jirani wanaye, hata kanisa na soko viko karibu. Kilichokosekana ni karatasi, na kukosa karatasi kumewafanya wageni kwa miaka sabini.

Kwa hivyo tunaposema kijiji tuseme wazi tofauti. Kile kilikuwa cha amri, na ardhi ilikuwa ya mwingine. Hiki tunachosema ni cha hiari, na ardhi ni ya wanachama wenyewe kwa jina la chama chao. Kama sehemu hiyo ya pili haipo, afadhali tusijenge kabisa.

Waliojaribu hapa Kenya

Mahali tunapopenda kupatolea mfano ni Kambi Moto, kijiji kimoja cha mabanda katika mtaa wa Huruma, Nairobi. Jina lilitokana na moto uliokuwa ukiwachoma mara kwa mara. Wakaaji wake walikuwa ndani ya Muungano wa Wanavijiji, uliozaliwa mwaka 1996 wakati watu wa mabanda walipochoka kubomolewa. Walianza kwa kuweka akiba ya shilingi chache kila siku. Wakajihesabu wenyewe, mlango kwa mlango, ili asitokee mtu wa kusema yeye pia ni wa pale. Mwaka 2003 walikubaliana na Halmashauri ya Jiji kuhusu ardhi, na nyumba zikaanza. Kiwanja cha kila moja ni kama mita nne na nusu kwa nne na nusu, halafu inapanda juu kidogo kidogo kadiri mwenyewe anavyopata: leo chumba cha chini, mwaka ujao ngazi na cha juu.

Jambo kubwa la Kambi Moto halikuwa ujenzi. Pale palikuwa na wenye mabanda na wapangaji wao. Mwenye mabanda mmoja alikuwa anapokea kodi kutoka vyumba kadhaa. Ilibidi wakae chini, na ni mazungumzo marefu kweli, mpaka wakakubaliana kila familia ipate nyumba moja, mwenye banda moja, mpangaji moja. Fikiria mtu kuacha kodi ya vyumba vitano ili jirani yake naye awe na mlango. Hakuna mhandisi anayeweza kumfanyia mtu uamuzi huo.

Mfano wa pili uko Maai Mahiu. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007 na 2008, serikali iliwapa waliohamishwa shilingi 10,000 kwa familia za kuanzia maisha. Pesa hizo haziwezi kununua ploti. Lakini familia nyingi zilizoogopa kurudi zilitoka zilikotoka, zikaweka hizo elfu kumi kumi pamoja, zikanunua shamba kwa kikundi, zikapiga hema juu yake. Baadaye shirika la Habitat for Humanity na wengine waliwasaidia kujenga nyumba ndogo za kudumu. Angalia mpangilio: ardhi ilinunuliwa watu wakiwa bado kwenye hema. Wafadhili walikuja kujenga juu ya kitu ambacho tayari kilikuwa cha wenyewe.

Wa tatu tunautaja kwa haraka. Jamii Bora ilianzishwa mwaka 1999 na Ingrid Munro, mama wa Kiswidi, pamoja na ombaomba 50 wa Nairobi. Baadaye walinunua ardhi Kaputiei, huko Kajiado, kujenga mji wa wanachama. Majirani walikwenda mahakamani kuwapinga, na kazi ikacheleweshwa kwa miaka. Kuna mambo mawili ya kujifunza hapo. Jirani anaweza kukuzuia hata kama una hati, kwa hivyo aendewe mapema, apewe chai, aelezwe ni akina nani wanakuja. Na Kaputiei ni mbali na Nairobi, karibu kilomita 60. Anayeuza mboga Kibera hawezi kulala huko. Hapa kwetu vilevile: ardhi ya bei rahisi kule chini kwenye ukame haimfai kibarua ambaye lori la kampuni linamchukua barabarani saa kumi na moja alfajiri.

Na huko ng'ambo

Wengine wanadhani haya ni mambo ya nchi maskini. Marekani, katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, watu waliokuwa wakilala barabarani walipiga hema pamoja mwezi wa Desemba 2000. Mwaka uliofuata mji uliwapa mahali karibu na uwanja wa ndege, na hema zikageuka vijumba vya mbao. Wanapaita Dignity Village, yaani kijiji cha heshima. Wanachagua baraza lao wenyewe na wana sheria chache: hakuna kupigana, hakuna kuiba, hakuna dawa za kulevya, na kila mkaaji afanye sehemu yake ya kazi. Lakini ardhi ni ya mji, na wao wanakaa kwa mkataba unaohitaji kuongezwa. Miaka zaidi ya ishirini bado wanaomba.

Katika jimbo hilo hilo, watu wa mji wa Eugene walijifunza kutokana na hilo. Walianza na kijiji cha muda mwaka 2013, halafu wakajenga kingine cha nyumba 22 kiitwacho Emerald Village, ambacho ni ushirika. Mkaaji analipa kidogo kila mwezi, sehemu inaingia kwenye hisa yake, na akihama anarudishiwa hisa hiyo. Hakuuza nyumba, maana nyumba si yake peke yake. Lakini hakuondoka mikono mitupu pia.

Wazee wa kazi hii ni Uruguay, huko Amerika ya Kusini. Sheria yao ya nyumba ya 1968 ilitambua ushirika wa kujenga kwa kusaidiana, na mwaka 1970 vyama hivyo viliunda shirikisho lao, FUCVAM. Familia hutoa saa za kazi kila wiki kwenye ujenzi, mara nyingi saa 21, na nyumba hugawanywa zikishakamilika. Kabla ya hapo hujui unayojenga ni ya nani, kwa hivyo unapiga plasta ya jirani kama yako. Nyumba ni ya ushirika; familia ina haki ya kukaa na kurithisha haki hiyo. Sisi tunaona Waruguay ndio waliofika karibu zaidi na kile tunachohitaji hapa.

Mambo ya hati

Haya basi, tukirudi Kiirua. Mara nyingi kikundi kikinunua ardhi, hati inaandikwa jina la mwenyekiti, "kwa sababu ndiye ana kitambulisho karibu", au la mfadhili, au la mzee aliyetoa. Wote ni watu wazuri. Lakini mwenyekiti ana wana, na wana hawakuwa kwenye mkutano. Mzee akifa, shamba linaingia kwenye urithi wake, na ahadi yake kwa kikundi haimo katika karatasi yoyote ambayo hakimu anaweza kusoma.

Njia inayofaa ni kuandikisha chama cha ushirika. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 iliweka kwamba watu kumi wanatosha kuanzisha chama cha msingi, na kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au kidogo. Muungano wa vyama vya ushirika vya nyumba, NACHU, umekuwapo tangu 1979 na kazi yake ni kusaidia vyama kama hivi. Ofisi ya ushirika ya kaunti itawasaidia na katiba. Kisha ardhi inunuliwe kwa jina la chama.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, fanyeni upekuzi kwenye ofisi ya ardhi mjue mwenye hati ni nani na kama kuna deni la benki. Hapa Meru tuwe macho zaidi, maana sehemu nyingi ugawaji haujamalizika na kesi ni za miaka. Mtu anakuonyesha namba, lakini namba si hati. Mke wa anayeuza akubali kwa maandishi. Halafu ardhi ya shamba haiuzwi bila kibali cha bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe kabla ya miezi sita kupita tangu mapatano. Bila kibali, mauzo ni bure hata kama mlikula mbuzi. Mwisho, kaunti itoe ruhusa ya ujenzi. Nendeni na mchoro mkiwa wengi, akina mama mbele.

Mwanachama akifa

Hapa tunaomba jumuiya zitulie, maana ndipo vikundi vingi hukwama. Baba amefariki. Kwa desturi zetu, ndugu zake wanakuja kuangalia mali. Katika ushirika kuna hisa na kuna haki ya nyumba. Je, ni vya nani?

Sheria inamruhusu mwanachama kuandika jina la atakayepokea hisa zake akifa. Fomu ni ya ukurasa mmoja. Watu wanakataa kuijaza kwa sababu wanaona ni kujiitia kifo. Sisi tunapendekeza iwe sharti: hakuna ufunguo bila fomu hiyo. Tena tunapendekeza uanachama uandikwe kwa majina ya mume na mke wote wawili, na katiba iseme kwamba mmoja akifariki, aliyebaki anaendelea bila kuomba ruhusa ya mtu. Watoto wakibaki yatima, chama kiwalindie nyumba mpaka mkubwa afike miaka 18. Tulipoeleza jambo hili kwenye mkutano mmoja wa akina mama, mmoja wao aliuliza kama anaweza kuandikwa peke yake, bila mume. Anaweza. Ukumbi ulichangamka sana baada ya jibu hilo, na wanaume wawili watatu waliokuwa mlangoni wakaenda kuangalia ng'ombe.

Nyumba yenyewe

Hapa hatutakawia. Matofali ya udongo na saruji yanayofyatuliwa kwa mashine ya mkono, yasiyochomwa, yanaokoa kuni na yanahimili baridi yetu kuliko mbao. Kabla ya kuchimba msingi, pimeni nyumba kwa vipimo kamili uwanjani kwa miti na mashuka, kama wanavyofanya watu wa mabanda katika nchi nyingi. Mama aingie, aweke kitanda, aweke jiko, aone mlango utagonga nini. Shuka inahamishwa kwa dakika moja.

Msisahau maji. Paa la nyumba kama hiyo, pamoja na ukingo, ni mita za mraba 24 hivi. Mvua ya milimita 700 kwa mwaka inaangusha juu yake karibu lita 17,000. Ukitoa inayopotea, zinabaki lita 13,000, yaani karibu mitungi miwili ya lita ishirini kwa siku kama kuna tangi la kutosha. Haiondoi shida yote, lakini inapunguza safari za mtoni.

Pesa zitoke wapi? Familia kumi na tano zikiweka shilingi 50 kila siku ya kazi, siku sita kwa wiki, zinapata 4,500 kwa wiki na 234,000 kwa mwaka. Tunajua siku za mvua hakuna kibarua; basi siku hiyo mtu aweke kumi, lakini aje. Kitabu kisomwe mbele ya wote kila Jumapili baada ya misa. Nyumba za serikali za bei nafuu zinajengwa, na anayeandikwa kazi anakatwa asilimia moja unusu kwa ajili yake, lakini zinataka malipo ya kila mwezi ambayo mtu wa kibarua hawezi kuahidi. Hatuzipingi. Tunasema tu kwamba hawa tunaowazungumzia hawamo humo, na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inawahesabu wao pia ikitaja haki ya kila mtu kupata makao yanayofaa.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya

Katika jumuiya yetu, ni familia ngapi zinazoweza kutolewa nje kwa neno la mtu mmoja? Tuwataje kwa heshima, wakiwapo.

Wazee wanakumbuka nini juu ya vijiji vya 1954? Nani alibaki bila shamba, na watoto wao wako wapi leo?

Ardhi ya kikundi chetu, ya kisima, ya kanisa dogo au ya shule ya chekechea, imeandikwa jina la nani? Nani ameiona hati kwa macho yake?

Mwenye ploti tatu za kukodisha hapa sokoni, tukimwambia habari ya Kambi Moto, atasema nini? Nani kati yetu atakwenda kumwambia?